Masomo ya uzamili na elimu ya maisha yote: Funzo kutoka Kitengela na Kajiado

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya tambarare za Athi-Kaputiei, matatu za kwanza huondoka Kitengela zikielekea Nairobi. Ndani yake huwamo walimu, wauguzi, makarani wa benki, wahandisi na wafanyakazi wa viwanda vya Athi River. Miongoni mwao wapo ambao, jioni inapowadia, hawarejei nyumbani moja kwa moja bali hupitia darasani.

Hao ndio wanafunzi wa uzamili wa Kenya ya leo. Ni watu wazima wenye kazi, familia na madeni. Chuo kikiwapokea kwa mtaala uliotungiwa kijana wa miaka ishirini na miwili asiye na majukumu, huwa kimewaonea kabla hata ya kuwafundisha.

Ndiyo maana swali la jinsi mitaala ya uzamili inavyoundwa si la maprofesa pekee. Linamgusa mwalimu wa Isinya anayetafuta shahada ya pili, muuguzi wa Loitokitok anayetaka kubobea katika afya ya jamii, na mfugaji wa Kaputiei ambaye boma lake limetembelewa na watafiti mara nyingi kuliko na madaktari wa mifugo.

Maana ya istilahi

Mtaala si orodha ya masomo tu. Ni mpango mzima unaoeleza mwanafunzi atarajiwe kujua nini, aweze kutenda nini, afundishwe kwa njia gani na kwa muda gani, na hatimaye apimwe vipi. Orodha ya mada za somo moja huitwa silabasi, nayo ni sehemu ndogo ya mtaala.

Elimu ya uzamili, kwa maana pana, hujumuisha masomo yote yanayofuata shahada ya kwanza: stashahada ya uzamili, shahada ya uzamili yenyewe, na uzamifu ambao ndio upeo wa masomo ya chuo kikuu. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, uzamili umo katika ngazi ya 9 na uzamifu katika ngazi ya 10, iliyo ya juu kabisa.

Elimu ya maisha yote, kwa upande wake, ni dhana kwamba binadamu hujifunza tangu utotoni hadi uzeeni, shuleni na nje ya shule, na kwamba serikali na taasisi zina wajibu wa kumfungulia milango kila anapohitaji kujifunza tena.

Dhana hiyo ilipata nguvu duniani mwaka 1972, tume ya UNESCO iliyoongozwa na Edgar Faure, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, ilipotoa ripoti yake. Mwaka 1996 tume nyingine ya shirika hilo, chini ya Jacques Delors, ilitaja nguzo nne za elimu: kujifunza ili kujua, kujifunza ili kutenda, kujifunza kuishi pamoja, na kujifunza kuwa mtu kamili. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliingiza elimu ya maisha yote katika lengo la nne la Malengo ya Maendeleo Endelevu.

Afrika Mashariki, hata hivyo, haikungoja kufundishwa hayo na Paris. Tanzania ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mwalimu Julius Nyerere alisisitiza kuwa taifa changa haliwezi kusubiri watoto wakue ndipo lianze kujenga. Mwaka 1976 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa kimataifa kuhusu elimu ya watu wazima.

Kumbukumbu za miongo saba

Mizizi ya elimu ya watu wazima katika vyuo vikuu vya eneo hili inaonekana Makerere, Uganda, ambako idara ya masomo ya nje ya chuo ilianzishwa mwaka 1953. Nchini Kenya, kituo cha masomo ya watu wazima kilifunguliwa Kikuyu mwaka 1961, nacho baadaye kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Chuo hicho chenyewe kilianza kama Chuo cha Kifalme cha Ufundi, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Kikapanda daraja, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1963, na mwaka 1970 kikajitegemea kama Chuo Kikuu cha Nairobi.

Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966. Mwaka uliofuata kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa katika chuo cha Nairobi. Walimu wa shule za msingi, wengi wao wakiwa mashambani, walipokea masomo kwa barua na kufuatilia vipindi vya redio.

Kwa hivyo, masomo ya masafa si uvumbuzi wa enzi ya intaneti. Kilichobadilika ni chombo tu. Bahasha ya kaki imekuwa ukurasa wa simu, na redio imekuwa mhadhara wa moja kwa moja mtandaoni.

Mwaka 1985 sheria iliunda Tume ya Elimu ya Juu. Tume hiyo ilirithiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Mwaka 2014 CUE ilitoa viwango na miongozo iliyogusa kila kitu, kuanzia ukubwa wa maktaba hadi idadi ya wanafunzi ambao mhadhiri mmoja anaruhusiwa kuwasimamia.

Kabla ya hapo, mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeanzisha masomo sambamba kwa wanafunzi wanaojilipia karo. Madarasa ya jioni na ya wikendi yakafunguliwa. Mfanyakazi wa Kitengela au Ngong akaweza kusoma bila kuacha kazi. Vyuo vingine vikaiga, na masomo ya uzamili yakapanuka kwa kasi ambayo wahadhiri hawakuweza kuifuata.

Mji uliokua kuliko mipango yake

Kitengela iko kusini mwa Nairobi, kwenye barabara inayoelekea Namanga mpakani mwa Tanzania. Hadi miaka ya 1980, eneo hilo lilikuwa malisho ya ufugaji wa Kimaasai na njia ya wanyamapori waliotoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, kwenda kusini wakati wa mvua.

Mambo mawili yaliugeuza mji huo. La kwanza ni kugawanywa kwa ranchi ya pamoja ya Kitengela mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo kila familia ilipata hati yake na wengi wakaanza kuuza vipande vya ardhi. La pili ni kuanzishwa kwa maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje katika Athi River, kufuatia sheria ya mwaka 1990.

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takriban watu 58,000 katika mji wa Kitengela. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya 150,000. Katika kipindi hicho hicho, idadi ya wakazi wa kaunti nzima ya Kajiado ilipanda kutoka 687,312 hadi 1,117,840.

Ongezeko hilo lilileta watu wenye vyeti na wenye kiu ya vyeti zaidi. Hata hivyo, kaunti hiyo ina sura mbili. Kaskazini na mashariki, Ongata Rongai, Ngong na Kitengela zimekuwa malazi ya wafanyakazi wa Nairobi. Kusini na magharibi, kuelekea Magadi na Amboseli, mwenye shahada ya kwanza bado huhesabika kijijini, na safari ya kwenda darasa la jioni haiwezekani kabisa.

Mtaala mmoja wa uzamili hauwezi kuwafaa wote hao kwa namna moja. Hilo ndilo fumbo ambalo vyuo vinatakiwa kulifumbua.

Mtaala huundwa vipi

Mitaala ya shule nchini Kenya hutungwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Vyuo vikuu haviko chini ya utaratibu huo. Kila chuo hutunga mtaala wake, nayo seneti ya chuo huupitisha kabla ya kuwasilishwa kwa CUE ili upate ithibati.

Wataalamu wengi huanzia kwenye maswali manne yaliyoulizwa na Mmarekani Ralph Tyler mwaka 1949. Je, taasisi inataka kufikia malengo gani? Ni tajriba zipi za kujifunza zitakazoyafikisha? Zipangwe vipi? Na itajulikanaje kuwa malengo yametimia?

Maswali hayo ni mepesi kuyasoma na mazito kuyajibu. Idara inayoanzisha shahada ya uzamili hutakiwa kwanza kufanya tathmini ya mahitaji: kuwauliza waajiri, wahitimu, mabaraza ya taaluma na jamii wanahitaji mtaalamu wa aina gani. Matokeo yake ndiyo yanayopaswa kuzaa malengo, wala si ratiba ya mhadhiri aliyepo.

Hatua ya pili ni kuandika matokeo ya kujifunza kwa lugha inayopimika. Kusema kuwa mwanafunzi ataelewa usimamizi wa maji hakutoshi. Ni bora kusema kuwa ataweza kupima kina na ubora wa maji ya kisima, kuchanganua takwimu za mvua za miaka kadhaa, na kuandaa mpango wa matumizi unaokubalika na watu wanaoyatumia maji hayo.

Hatua ya tatu ni kugawa muda baina ya mihadhara, semina, kazi ya nyanjani na utafiti. Hatua ya nne ni upimaji. Ya tano ni ukaguzi wa nje, ambapo wataalamu wa vyuo vingine huusoma mtaala na kuukosoa. Mtaala ukishatumika kwa mzunguko mmoja wa wanafunzi, hupitiwa upya.

Mara nyingi hatua ya kwanza ndiyo hurukwa. Chuo huazima mtaala wa chuo kingine, hubadilisha majina ya masomo machache, na kuuita mpya. Kosa hilo huonekana miaka mingi baadaye, wakati mhitimu anapokabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyemwandalia.

Mtu mzima hujifunza tofauti

Mwaka 1970 Malcolm Knowles, msomi mwingine wa Marekani, alieneza hoja kwamba mtu mzima hujifunza kwa namna isiyofanana na mtoto. Hutaka kujua sababu ya kujifunza jambo kabla hajaanza. Huja na tajriba yake, nayo ni kitabu tosha. Hupendelea kujiongoza, na huvutiwa zaidi na maarifa yatakayomsaidia kutatua tatizo alilo nalo sasa.

Kwa mtunga mtaala, hoja hiyo ina maana ya moja kwa moja. Mwalimu mkuu aliyeongoza shule kwa miaka kumi hapaswi kukaa darasani kunakili maelezo ya uongozi kutoka ubaoni. Anapaswa kuleta daftari la shule yake, matatizo yake ya karo, nidhamu na uhaba wa walimu, kisha nadharia ipimwe kwa hayo.

Vyuo kadhaa na taasisi za utafiti zimejaribu mbinu zinazozingatia hali hiyo. Muungano wa Utafiti wa Kiuchumi Afrika, AERC, ulioanzishwa mwaka 1988 na wenye makao Nairobi, ulibuni mwaka 1993 mpango wa pamoja wa shahada ya uzamili ya uchumi. Wanafunzi husoma masomo ya msingi katika vyuo vyao, kisha hukutanishwa mahali pamoja kwa masomo ya kuchagua ambayo chuo kimoja pekee kisingemudu kuyafundisha.

Muungano mwingine, CARTA, ulianzishwa mwaka 2008 ukiongozwa na kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha APHRC, Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Huwapa wanafunzi wa uzamifu, ambao wengi ni wahadhiri, semina nne za pamoja zinazofuata hatua za tasnifu, kuanzia swali la utafiti hadi uandishi. Mwanafunzi habaki peke yake na msimamizi mmoja miaka yote.

Vyuo vilivyo mlangoni

Kajiado nayo ina vyuo vyake. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, kilicho Ongata Rongai, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994 na kupewa hati kamili ya serikali mwaka 2002. Kinatoa masomo ya shahada ya kwanza na ya uzamili.

Si mbali na hapo, kando ya barabara ya Magadi, kuna Chuo Kikuu cha Adventist cha Afrika, kilichopata hati mwaka 2013. Upekee wake ni kwamba kilianzishwa kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamifu pekee. Wanafunzi wake, ambao hutoka nchi nyingi za bara hili, wamekuwa wakija kwa vipindi vifupi vya masomo mazito, kisha wakirejea kazini kwao na kazi za kuandika.

Mfumo wa aina hiyo una faida na gharama. Faida ni kwamba mwanafunzi haachi kazi, na anachojifunza leo anaweza kukijaribu wiki ijayo. Gharama ni kwamba baada ya siku chache za mihadhara tangu asubuhi hadi jioni, hurudi nyumbani peke yake, na ni nidhamu yake tu itakayomfikisha mwisho.

Agosti 2023 Kenya ilipata Chuo Kikuu Huria, chenye makao katika mji wa kiteknolojia wa Konza, karibu na mpaka wa Kajiado. Kilianza na programu za shahada ya kwanza pamoja na stashahada za uzamili, zote zikifundishwa mtandaoni. Tanzania ilikuwa imetangulia kwa miongo mitatu: sheria ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ilipitishwa mwaka 1992, na wanafunzi wakaanza masomo mwaka 1994.

Reto-o-Reto: Maarifa yaliyorudi nyumbani

Kajiado ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizochunguzwa sana na wasomi. Ndovu wa Amboseli wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1972. Ardhi, mifugo, ukame na desturi za Wamaasai zimezaa tasnifu nyingi ndani na nje ya nchi. Malalamiko ya siku zote ya wafugaji ni kwamba mtafiti huja na maswali, huondoka na majibu, na haonekani tena.

Kati ya mwaka 2003 na 2008, mradi mmoja ulijaribu njia nyingine. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, iliendesha mradi ulioitwa Reto-o-Reto, maneno ya Kimaa yenye maana ya nisaidie nikusaidie. Ulifanyika katika maeneo kadhaa ya Umaasai, Kitengela likiwa mojawapo.

Mradi huo uliajiri wawezeshaji kutoka jamii zenyewe. Kazi yao haikuwa kutafsiri maswali ya wageni tu. Walishiriki kuamua nini kichunguzwe, na kuyapeleka matokeo kwa wazee, kwa mabaraza na kwa wanasiasa. Katika tambarare za Athi-Kaputiei, wenyeji walisaidia kuchora ramani ya nyua zilizokuwa zikiongezeka na kuziba njia za mifugo na wanyamapori. Ramani hizo ziliingia katika mjadala wa mpango wa matumizi ya ardhi ya Kitengela, Isinya na Kipeto.

Mmoja wa wawezeshaji hao alikuwa David Nkedianye. Aliendelea na masomo hadi akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, kwa utafiti uliohusu maisha ya wafugaji, ukiwemo uhamaji wa mifugo na vifo vyake katika ukame wa mwaka 2005 na 2006. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa kaunti ya Kajiado, wadhifa alioushikilia hadi mwaka 2017.

Kisa hicho hakimaanishi kuwa kila mwenye shahada ya uzamifu atakuwa gavana. Kinaonyesha jambo ambalo watunga mitaala hulisahau. Kazi ya nyanjani, ikipangwa vizuri, ni darasa kwa pande zote mbili, na mwenyeji aliyeanza kama msaidizi anaweza kuwa mwenye swali lake mwenyewe.

Rika kama shule

Elimu ya maisha yote si ngeni Kajiado. Mfumo wa rika wa Wamaasai huwapitisha wanaume katika ngazi zilizo na mafunzo yake. Enkipaata huwaandaa wavulana wanaoelekea kutahiriwa, eunoto huwavusha morani kuelekea utu uzima, na olng'esherr huwaingiza katika uzee wa kushika madaraka ya jamii.

UNESCO iliziweka sherehe hizo tatu mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Septemba 2020, maelfu ya watu walikusanyika katika vilima vya Maparasha, Kajiado, kwa sherehe ya olng'esherr.

Mantiki ya mfumo huo ingefaa kusomwa na maseneti. Hakuna ngazi inayodhaniwa kuwa mwisho wa kujifunza. Kila rika lina walimu wake kutoka marika yaliyotangulia, na mwanafunzi hupimwa kwa jinsi anavyobeba wajibu, wala si kwa anachokariri. Mfumo huo pia una upungufu: ngazi hizo ni za wanaume. Chuo cha kisasa hakina udhuru wa kuiga hilo, ingawa mwanamke anayesoma uzamili huku akilea bado hukuta ratiba ambazo hazikumfikiria.

Vikwazo vinavyokatiza safari

Kikwazo cha kwanza ni fedha. Mwanafunzi wa uzamili kwa kawaida hujilipia karo, ingawa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hutoa mikopo na ufadhili kwa baadhi yao. Mwaka 2021, nyongeza ya karo za uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi ilizua malalamiko makali ya wanafunzi.

Kikwazo cha pili ni usimamizi wa tasnifu. Wanafunzi wengi humaliza masomo ya darasani kwa wakati, kisha hukwama katika utafiti. Miongozo ya CUE ya mwaka 2014 iliweka kikomo cha idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi, na kumtaka mwanafunzi wa uzamifu kuchapisha angalau makala mawili katika majarida ya kitaaluma.

Uzito wa suala hilo ulidhihirika Juni 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilipowatunukia watu 118 shahada za uzamifu katika mahafali moja. Idadi hiyo ilizua maswali kuhusu usimamizi, na CUE ikaanzisha uchunguzi. Mjadala uliofuata ulikumbusha taifa kwamba mtaala mzuri kwenye karatasi hauwezi kufidia msimamizi aliyeelemewa.

Kikwazo cha tatu ni manufaa yenyewe. Kwa miaka mingi mwalimu alisoma akijua kuwa shahada ya juu ingempandisha cheo. Miongozo ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, iliyoanza kutumika mwaka 2018, iliondoa upandishaji wa moja kwa moja kwa sababu ya cheti pekee. Mwalimu wa Kitengela anayetumia akiba yake kwa uzamili leo hana budi kujiuliza anatafuta nini: mshahara, maarifa, au vyote viwili.

Mageuzi hayo yana mantiki yake, kwani yalilenga kutuza kazi. Hata hivyo, yanaviwekea vyuo mzigo mpya. Cheti kisipokuwa tena ngazi ya mshahara, lazima kilichomo ndani ya mtaala kiwe na thamani ya kumfanya mtu akesha.

Kikwazo cha nne ni umbali na mtandao. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la Covid-19, mihadhara ilihamia mtandaoni. Aliyekuwa Kitengela aliweza kusoma sebuleni. Aliyekuwa katika sehemu za mbali za Kajiado Magharibi alilazimika kutafuta kilima chenye mawimbi ya simu.

Mambo ya kuchunguza kabla ya kujisajili

Anayekusudia kusoma uzamili anashauriwa kuthibitisha mambo haya kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Kwanza, programu yenyewe, si chuo tu, iwe imepata ithibati ya CUE. Kwa taaluma kama udaktari, uuguzi, uhandisi na sheria, ni vyema pia kujua msimamo wa baraza au bodi ya taaluma hiyo.

Pili, aulize idara ina wahadhiri wangapi wanaoweza kusimamia tasnifu katika eneo analolipenda, na wahitimu wa hivi karibuni walichukua muda gani kumaliza.

Tatu, apige hesabu ya gharama yote: karo, usafiri, malazi, ada za kutetea tasnifu na gharama za utafiti. Atakayefanya utafiti huhitaji pia kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI.

Nne, apime mfumo wa masomo dhidi ya maisha yake. Madarasa ya jioni humfaa anayeishi karibu. Vipindi vifupi humfaa mwenye mwajiri anayempa likizo. Masomo ya mtandaoni humfaa mwenye nidhamu na intaneti ya uhakika.

Tano, asome mtaala wenyewe. Chuo kinachoficha mtaala wake kwa mwanafunzi kabla hajalipa kinastahili kutiliwa shaka.

Kizazi kinachobisha hodi

Muda wa kurekebisha mitaala hiyo si mrefu. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa elimu ya umilisi waliingia darasa la kumi Januari 2026, na wanatarajiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2029. Watakuwa wamezoea kujifunza kwa kutenda, kwa miradi na kwa kuulizwa maoni.

Watakaowafundisha ni wanafunzi wa uzamili na uzamifu wa sasa, wakiwemo wale wa matatu ya alfajiri kutoka Kitengela. Hawa nao wakifundishwa kwa kuimlishwa maelezo yaliyopauka, watakwenda kuimla maelezo hayo hayo kwa vijana wasioyazoea, na mabilioni yaliyotumiwa kubadilisha mtaala wa shule yataishia kwenye lango la chuo.

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari, na kwamba kuuliza si ujinga. Kajiado imekuwa ikiulizwa kwa miongo mingi. Kazi iliyobakia ni kwa vyuo kuuliza nao: mfugaji, muuguzi na mwalimu wa kaunti hiyo wanahitaji kujua nini kesho, na ni nani kati yao aitwe mezani wakati mtaala unapoandikwa.